Kisa cha dulanermin: protini iliyoua saratani kwa panya ikakwama kwa binadamu

Mwaka 2011 jarida la Journal of Clinical Oncology lilichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 213 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Wote walipewa tibakemikali ya kawaida, paclitaxel na carboplatin. Baadhi waliongezewa bevacizumab, dawa inayobana mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Na baadhi waliongezewa dawa mpya, dulanermin, ambayo ni nakala ya protini ambayo mwili wenyewe huitumia kuamuru seli mbovu zife.

Miongoni mwa waliopata tibakemikali peke yake, asilimia 39 ya wagonjwa uvimbe wao ulinywea. Walioongezewa dulanermin, asilimia 38. Waliopata tibakemikali na bevacizumab bila dulanermin, asilimia 50; waliopata vyote vitatu, asilimia 40, iwe walipewa dozi ndogo ya siku tano au dozi kubwa ya siku mbili. Dawa haikuleta madhara ya kutisha. Lakini haikumsaidia mgonjwa pia.

Kwa waliokuwa wakiifuatilia protini hii tangu miaka ya 1990, hilo lilikuwa pigo zito. Jina lake mwilini ni TRAIL. Kundi jingine la wagunduzi liliiita Apo2L. Dulanermin ni jina ililopewa ilipogeuzwa kuwa dawa mikononi mwa kampuni za Genentech na Amgen za Marekani. Mwaka 1999 ilikuwa imezuia uvimbe wa binadamu uliopandikizwa kwa panya huku panya wenyewe wakibaki wazima, jambo ambalo protini mbili za ukoo wake zilizoitangulia zilishindwa kabisa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji aupime njiani. Wazo la kuiamuru seli ya saratani ife halikuwa bovu, na bado si bovu. Kilichokwama ni umbo la protini iliyochaguliwa, ambalo lilikuwa salama kwa sababu ileile iliyolifanya liwe dhaifu. Kisha pakaja uamuzi wa kuipeleka kwenye saratani ya mapafu, wakati ishara iliyo wazi kuliko zote ilikuwa imetoka kwa wagonjwa wawili wa saratani nyingine, iliyo adimu sana.

Jinsi seli inavyopokea amri ya kufa

Mwaka 1972 wanapatholojia watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walieleza kutoka Aberdeen, Uskoti, aina ya kifo cha seli ambayo wakati huo haikupewa uzito. Waliiita apoptosisi. Seli inayokufa kwa kuumia, tuseme kwa kuungua au kukosa damu, huvimba na kupasuka, yaliyomo yakamwagika na kuwasha jirani zake. Seli inayokufa kwa apoptosisi hunywea, kiini chake hujikunja na kukatikakatika, utando wake hutoa mapovu, kisha hugawanyika kuwa vifurushi vidogo vinavyomezwa na seli walaji. Hakuna uchochoro unaochafuka wala usaha unaokusanyika.

Afrika Mashariki ina picha yake ya jambo hili, na wanafunzi wa udaktari wanaijua. Uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, ukiutazama kwa hadubini unaona uwanja wa bluu iliyoiva, limfosaiti zilizobanana bila nafasi, na katikati yake madoa meupe yaliyotawanyika. Wataalamu huliita anga la nyota. Kila "nyota" ni seli mlaji iliyojaa mabaki ya seli za saratani zilizokufa zenyewe. Yaani hata ndani ya mojawapo ya saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote, seli nyingi mno zinakufa kila siku kwa amri ya ndani. Tatizo ni kwamba zinazozaliwa ni nyingi zaidi.

Amri hiyo huja kwa njia mbili. Ya kwanza huanzia ndani: vinasaba vikiharibika, protini iitwayo p53 huhisi na kuisukuma seli ijiue kupitia mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Tibakemikali nyingi na mionzi hutegemea njia hii. Shida yake ni kwamba karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika, hivyo mlinzi anayepaswa kupiga kengele ameshanyamazishwa. Njia ya pili huanzia nje. Juu ya utando wa seli kuna vipokezi vinavyoitwa vipokezi vya kifo, na protini kutoka kwa seli nyingine ikivishika, amri huingia bila kuihitaji p53. Hapo ndipo palipowavutia watafiti.

TRAIL huundwa na nyuzi tatu za protini zinazofanana, zimeshikana, na katikati yake pana chembe moja ya zinki inayozibana zisiachane. Hushika vipokezi viwili, DR4 na DR5. Ikivishika inavisogeza karibu, na mikia yake iliyo ndani ya seli hukusanyika pamoja. Mikia iliyokusanyika huvuta protini ya FADD, FADD huvuta kimeng'enya kiitwacho kaspesi-8, na kaspesi-8 zikibanana huamshana zenyewe kwa zenyewe. Zikishaamka huiamsha kaspesi-3, na hiyo ndiyo inayokatakata seli.

Neno la kushikilia hapa ni kukusanyika. Kipokezi kimoja kilichoshikwa peke yake hakifanyi kitu. Vitatu vinafanya kidogo. Vikiwa makumi yaliyosongamana mahali pamoja, amri inakuwa kali. Na hata hapo seli ina breki zake: protini ya cFLIP hukaa mahali pa kaspesi-8 na kuizuia isiamke, XIAP huishika kaspesi-3 isikate, na katika seli nyingi amri ya nje haitoshi mpaka ipitie tena mitokondria, ambako protini ya Bcl-2 inaweza kuufunga mlango.

Ndugu wawili waliotangulia

TRAIL haikuwa ya kwanza. Mwaka 1975 kundi la Lloyd Old huko New York lilieleza kitu kilichomo katika damu ya panya walioamshwa kinga kwa vijidudu, kitu kilichofanya uvimbe uoze. Wakakiita TNF. Jeni yake iliponakiliwa mwaka 1984, TNF ikatengenezwa kwa wingi na kupewa wagonjwa. Wakapata homa kali na kutetemeka, na shinikizo la damu likaporomoka kama la mtu aliyeingiwa na vijidudu kwenye damu. Dozi ambayo mtu angeivumilia ilikuwa ndogo mno kuua uvimbe. Ilipata nafasi moja tu: mwaka 1999 Ulaya iliidhinisha tasonermin, ambayo ndiyo TNF yenyewe, itumike kwenye mkono au mguu wenye sarkoma, saratani ya tishu laini kama misuli, baada ya kuutenga mzunguko wake wa damu na mwili mzima, ili kuepuka kukatwa kiungo.

Ndugu wa pili ni Fas. Mwaka 1989 makundi mawili, moja Japani na jingine Heidelberg, Ujerumani, yalipata kingamwili zinazoshika kipokezi hiki na kuua seli za saratani. Matumaini hayakudumu. Mwaka 1993 kundi la Shigekazu Nagata huko Osaka lilionyesha kwamba panya waliochomwa kingamwili hiyo walikufa ndani ya saa chache, maini yao yakiwa yameharibika. Seli za ini zina Fas nyingi, na zilitii amri haraka.

Kwa hiyo TRAIL ilipotambuliwa mwaka 1995 na watafiti wa kampuni ya Immunex, Seattle, na tena mwaka 1996 na wa Genentech, swali la kwanza la kila mtu lilikuwa juu ya ini. Majibu ya mwanzo yalitia moyo kweli. Seli za saratani za aina nyingi zilikufa, seli za kawaida nyingi zilibaki. Mwaka 1997 yakapatikana maelezo yaliyovutia: pamoja na DR4 na DR5 kuna vipokezi vya kuhadaa, vinavyoishika TRAIL lakini havina mkia wa kupeleka amri ndani, au vina mkia uliokatika. Ikadhaniwa seli za kawaida hujificha nyuma ya vipokezi hivyo. Baadaye ilionekana maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa idadi ya vipokezi vya kuhadaa haitabiri vizuri seli ipi itakufa. Lakini wakati ule yaliipa dawa hadithi safi, na hadithi safi huvuta fedha za utafiti.

Kisha zikaja makala mbili za mwaka 1999, moja ya Henning Walczak na wenzake, nyingine ya Avi Ashkenazi na wenzake. Panya walichomwa TRAIL, uvimbe ukazuilika, ini likabaki zima. Kundi la Ashkenazi liliijaribu pia kwa nyani, nao wakaivumilia.

Nisimame kidogo kwenye panya hao, kwa sababu habari za namna hii ndizo zinazozunguka kwenye WhatsApp zikiwa na kichwa cha "dawa ya kansa imepatikana". Panya hao walikuwa na uvimbe wa binadamu uliopandikizwa chini ya ngozi, kinga yao ikiwa imepunguzwa ili wasiukatae. Panya ana kipokezi kimoja tu cha kifo cha TRAIL pale binadamu anapokuwa na viwili. Uvimbe uliopandikizwa hutokana na seli zilizokuzwa maabara kwa miaka, zilizofanana kuliko seli za mgonjwa yeyote. Hakuna udanganyifu katika majaribio hayo; yalijibu swali lililoulizwa. Swali hilo halikuwa "je, itamsaidia mgonjwa wa mapafu mwenye miaka 65?" Mgonjwa au ndugu yake anayesoma habari hizo ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo kwa maneno yanayoeleweka.

Mkia wa histidini

Mei 2000 zikaja habari za kutisha. Makala katika Nature Medicine ilionyesha kwamba TRAIL iliua seli za ini la binadamu zilizokuzwa maabara, ilhali za panya na nyani hazikufa. Wengi waliona kisa cha Fas kimejirudia.

Kilichofuata ni kazi ya upelelezi ninayoiona kuwa sehemu bora ya kisa hiki chote. TRAIL iliyotumika katika jaribio hilo haikuwa sawa na ya Genentech. Ilikuwa imeongezwa kipande kidogo mwisho wake, mnyororo wa histidini, ambao maabara nyingi huuweka ili protini iwe rahisi kusafisha. Histidini hupenda kushika metali, na kipande hicho ndicho kinachonaswa kwenye chujio lenye nikeli. Sasa ikumbuke ile chembe ya zinki katikati ya nyuzi tatu. Mwaka 2001 watafiti wa Genentech walionyesha kwamba TRAIL yenye mkia ilikuwa na zinki pungufu, haikutulia, na ilielekea kugandamana kuwa madonge. Ya kwao, isiyo na mkia na yenye zinki kamili, ilibaki kuwa nyuzi tatu tu zilizoyeyuka vizuri, na haikuziua seli za ini.

Ini likasalimika, na njia ya kwenda kwa wagonjwa ikafunguka. Lakini rudi kwenye neno kukusanyika. Madonge yalikuwa hatari kwa ini kwa sababu yaliweza kuvikusanya vipokezi vingi mahali pamoja. TRAIL ya nyuzi tatu iliyoyeyuka haiwezi kufanya hivyo vizuri, hasa kwa DR5, kipokezi ambacho hutii zaidi TRAIL iliyoshikamana juu ya utando wa seli kuliko ile inayoelea. Ndani ya mwili wetu, seli za kinga hubeba TRAIL ikiwa imepandwa kwenye utando wao kwa wingi. Zikiikaribia seli mbovu huigusa kwa mafungu. Dulanermin ilikuwa ile nyuzi tatu peke yake, ikielea.

Kwa maneno mengine, ilipochaguliwa iliyo salama zaidi, ilichaguliwa pia iliyo dhaifu zaidi. Sisemi walikosea. Baada ya panya wa Osaka hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu donge lichomwe kwa mtu. Ila gharama ya uchaguzi huo haikupewa uzito wake pale dawa ilipopangiwa majaribio makubwa.

Wagonjwa 71, na wawili miongoni mwao

Jaribio la kwanza kwa binadamu lilichapishwa mwaka 2010, Roy Herbst akiwa mwandishi wa kwanza. Wagonjwa 71 wenye saratani za aina mbalimbali walipewa dulanermin kwa dripu, siku tano mfululizo kila baada ya wiki tatu, kuanzia miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito mpaka 30. Walivumilia. Ini halikuporomoka. Swali la usalama, lililowakosesha watu usingizi tangu 1993, likapata jibu zuri.

Tatizo lilijitokeza kwenye vipimo vya damu. Nusu ya dawa ilikuwa imeshaondoka ndani ya muda wa kati ya nusu saa na saa moja. Protini yenyewe ni ndogo kiasi cha kuchujwa na figo, na figo hazijui kwamba kilichopita ni dawa ya bei kali. Mgonjwa aliyemaliza dripu asubuhi alikuwa na dawa kidogo sana damuni ilipofika jioni.

Na kati ya hao 71, wawili uvimbe wao ulinywea kwa kiwango kinachohesabika, na ukabaki hivyo kwa muda mrefu. Wote wawili walikuwa na kondrosakoma, saratani ya gegedu. Mmoja wao aliendelea kunufaika kwa miaka.

Ukiwaza kidogo juu ya kondrosakoma utaona kwa nini wawili hao si jambo dogo. Ni saratani ya mifupa na gegedu ambayo tibakemikali haiigusi sana, na mionzi pia haifui dafu. Upasuaji ukishindikana, daktari hana kingi cha kumpa mgonjwa. Kondrosakoma iliyosambaa hainywei yenyewe. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa aina moja adimu kuitika kwa dawa moja, ndani ya kundi mchanganyiko la watu 71, ni ishara ambayo ilistahili jaribio lake peke yake mapema.

Badala yake uzito ulielekezwa kwenye saratani ya mapafu, na kwenye limfoma, saratani ya limfosaiti, pamoja na dawa ya rituximab. Sababu zinaeleweka. Saratani ya mapafu huua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani. Maabara zilikuwa zimeonyesha kwamba tibakemikali na TRAIL husaidiana, tibakemikali ikiongeza vipokezi na kupunguza breki. Na kampuni inayotumia fedha nyingi hutafuta ugonjwa wenye wagonjwa wengi. Naona hapo ndipo mantiki ilipoteleza: wagonjwa wa mapafu waliingizwa bila kuchaguliwa kwa alama yoyote ya kuonyesha uvimbe upi ungeitikia. Jaribio lenyewe, hata hivyo, liliendeshwa kwa heshima kubwa ya kisayansi. Lilikuwa na makundi ya kulinganisha, likatoa jibu wazi, na jibu baya likachapishwa kama lilivyo. Limfoma nayo ilitoa jibu hilohilo: kuongeza dulanermin juu ya rituximab hakukuleta faida.

Kwa nini ilishindwa kweli

Maelezo ya haraka ni kwamba dawa iliondoka mapema mno. Niliyaamini kwa muda mrefu kuwa yanatosha, na wengi bado wanayarudia, lakini kuna ushahidi unaoyapinga, nao ni kingamwili. Wakati huohuo kampuni mbalimbali zilitengeneza kingamwili zinazoshika DR4 au DR5: mapatumumab, lexatumumab, conatumumab, tigatuzumab, drozitumab. Kingamwili hukaa damuni kwa siku nyingi, hata wiki. Kama muda ndio ungekuwa ugonjwa, hizi zingeponya. Zote zilifika kwa wagonjwa, na zote ziliachwa.

Kingamwili ya kawaida ina mikono miwili, hivyo hushika vipokezi viwili. Ili vikusanyike vingi, inabidi seli ya kinga iushike mkia wa kingamwili na kuzibana pamoja kadhaa, jambo linalotokea vizuri kwenye sahani ya maabara na kwa panya, lakini ndani ya uvimbe wa binadamu seli hizo za kinga huenda ni chache. Zaidi ya hapo, kingamwili inayoshika bila kukusanya inaweza kumzuia hata TRAIL wa asili asifike kwenye kipokezi. Kwa hiyo kilichozikosesha nguvu dawa zote hizi, dulanermin na kingamwili, ni kilekile: hazikukusanya vya kutosha.

Kuna jambo jingine linalohusu seli zenyewe, na hili nalipenda kwa sababu lilionekana kwa macho. Mwaka 2009 kundi la Peter Sorger wa Harvard Medical School lilichapisha kazi ambayo seli zilipigwa picha za video zikiwa zimewekewa TRAIL. Seli mbili zilizotoka kugawanyika kutoka kwa mama mmoja zilikufa karibu pamoja. Lakini kadiri muda ulivyopita tangu zigawanyike, ndivyo zilivyoachana: moja ilikufa mapema, dada yake alichelewa au hakufa kabisa. Vinasaba vyao ni vilevile. Kilichotofautiana ni kiasi cha protini ambacho kila moja ilirithi na kukitengeneza, cFLIP kidogo zaidi hapa, Bid, protini inayoipeleka amri kwenye mitokondria, kidogo zaidi pale. Zilizonusurika zilikuwa sugu kwa muda, kisha baada ya siku kadhaa usugu ukaisha na zikaweza kuuawa tena.

Hili lina maana nzito kwa mgonjwa. Hata uvimbe "unaoitikia" huacha masalia kila dozi inapopita, na masalia hayo yanahitaji dozi nyingine wakati sahihi. Siku tano za dripu kila wiki tatu, kwa dawa ambayo nusu yake huondoka ndani ya saa moja, ziliachia masalia nafasi kubwa.

Na kuhusu kuchagua wagonjwa, dalili zilikuwepo tangu 2007: watafiti wa Genentech wenyewe walionyesha kwamba namna vipokezi vinavyobandikwa sukari, kazi ya kimeng'enya cha GALNT14 na wenzake, inahusiana na seli kuitikia au kutoitikia. Upande wa pili, mwaka 2015 kundi la Walczak, wakati huo London, lilionyesha kwamba katika saratani zenye mabadiliko ya jeni ya KRAS, zikiwemo za kongosho na mapafu, kipokezi hikihiki cha TRAIL kinaweza kuisaidia saratani kusambaa. Mlango mmoja, na si kila nyumba inafunguka kuelekea upande uleule.

Kukusanya kwa nguvu, na ini tena

Walioelewa fundisho la kukusanya walijaribu kurekebisha. Novartis ilitengeneza TAS266, vipande vinne vya kingamwili ndogo vilivyounganishwa, vyenye kushika DR5 nne kwa mpigo. Kwenye maabara ilikuwa na nguvu kubwa. Ilipofika kwa binadamu, jaribio lilisimamishwa baada ya wagonjwa wanne tu, kwa sababu watatu kati yao vimeng'enya vya ini vilipanda mpaka kiwango cha hatari. Ilionekana kwamba baadhi ya watu wana kingamwili za asili zinazoishika dawa ya aina hiyo, na zikiishika huifunga kwenye mafungu makubwa zaidi. Ini likatii, kama la panya wa Osaka.

Kwa hiyo nafasi ya kupita ipo, ila ni nyembamba. Ukikusanya kidogo, saratani haifi. Ukikusanya kupita kiasi, ini linakufa. Kazi yote iliyobaki ni kutafuta mahali pa katikati na mgonjwa anayefaa.

Wa kwanza kupita walitoka China. Aponermin ni TRAIL ambayo mnyororo wake umepangwa upya: ncha zake mbili zimeungwa, kisha ukakatwa mahali pengine, umbo likabaki lilelile. Katika jaribio la awamu ya tatu wagonjwa 417 wa myeloma, saratani ya seli za uboho, ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi au umekataa dawa za awali, walipewa thalidomide na dexamethasone pamoja na aponermin au plasebo, yaani dawa bandia. Ugonjwa ulikaa bila kusonga kwa wastani wa kati wa miezi 5.5 dhidi ya 3.1. Maisha yalikuwa miezi 22.4 dhidi ya 16.4. Vimeng'enya vya ini vilipanda zaidi kwa waliopata aponermin. China iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2023, ya kwanza duniani katika ukoo wa TRAIL kufika hapo.

Miezi sita ya uhai ni kitu, na anayeidharau hajawahi kumuuguza mtu wa myeloma. Lakini ililinganishwa na mchanganyiko wa zamani. Nchi zenye uwezo zimeshahamia dawa mpya zaidi, bortezomib na daratumumab. Huku kwetu Afrika Mashariki, ambako thalidomide bado ni dawa ya kweli kwa mgonjwa wa kweli, ulinganisho huo una maana zaidi kuliko ulivyo kwa daktari wa Boston. Kwa nini ifanikiwe TRAIL hii na ya mapafu ishindwe? Maoni yangu ni kwamba mahali pa ugonjwa panahusika: seli za myeloma zimo kwenye uboho, zimezungukwa na damu, na dawa ya muda mfupi inazifikia kirahisi kuliko kuuzama uvimbe mgumu wa pafu.

Na kondrosakoma? Kampuni ya Inhibrx ya Marekani ilitengeneza ozekibart, ambayo nayo hushika DR5 nne, lakini ikaundwa kwa kukwepa zile kingamwili za asili zilizoiponza TAS266. Mara hii wagonjwa walichaguliwa kuanzia ile ishara ya wawili: kondrosakoma iliyosambaa au isiyoweza kufanyiwa upasuaji, dhidi ya plasebo. Oktoba 2025 kampuni ilitangaza kwamba ugonjwa ulikaa bila kusonga kwa wastani wa kati wa miezi 5.5 kwa waliopata dawa na 2.7 kwa waliopata plasebo. Ni tangazo la kampuni, na ini bado linaangaliwa kwa ukaribu kwa kila anayechomwa dawa hii, hasa wazee na wenye mafuta kwenye ini. Bado linabaki swali la maisha yenyewe: kusimamisha uvimbe kwa takriban miezi mitatu ya ziada kunamwongezea mgonjwa wa kondrosakoma muda gani wa kuishi, na ni wagonjwa wepi kati yao wanaobeba vipokezi vya kutosha kuitikia. Kipande cha uvimbe kilichokatwa kabla ya dozi ya kwanza ndicho chenye jibu la swali hilo la pili, na safari hii kinastahili kuchunguzwa kabla ya kuhamia kwenye saratani yenye soko kubwa zaidi.